Bati Moja Linaokoa Duka



Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, wakaweka makazi Masasi. Mwaka 1882 walivamiwa. Mwaka 1905, katika Vita vya Majimaji, misheni ikachomwa moto. Wazee walijenga tena. Ukiliona Kanisa Kuu la Mtandi, wakumbuke.

Maduka yetu ya zamani nayo ni urithi. Barazani fundi cherehani hushona sare za shule. Ndani mkulima hukopa chumvi na sabuni mpaka korosho zilipwe. Duka likibomolewa zijengwe fremu za kodi kubwa, fundi anahama, na daftari la mkopo linafungwa.

Naomba katika mchango wa leo tutenge fungu la mabati. Tukubaliane na wenye nyumba: sisi tunaezeka, wao hawabomoi wala hawapandishi kodi. Na ukienda nyumbani likizo, usibebe sukari kutoka Dar, nunua kwetu.

Bando la kwanza natoa mimi. La pili nani?