Kumkumbuka Jirani Aliyetutangulia



Jirani mwema amefariki. Ndiye aliyetugawia kaa la moto, moto wetu ulipozimika usiku. Ndiye aliyewalisha watoto wetu muhogo pasipo kuuliza ni wa nani. Tumemlilia, tumemzika, matanga yamekwisha. Na sasa sauti yanong'ona: ni nani aliyemroga? Twalijua neno hilo. Huanza kwa mapendo, kwani hatukubali mtu mwema afe hivi hivi. Kisha huishia mlangoni pa bibi kizee asiye na mtetezi. Je, marehemu, aliyekuwa akimpelekea bibi huyo kuni, angependa kukumbukwa hivyo?

Mtazameni Yuda Makabayo. Askari wake walipouawa vitani, hirizi za miungu ya uongo zilionekana chini ya nguo zao. Hata hivyo hakuwalaani. Aliwaombea pamoja na wenzake, akachanga drakma 2,000 za fedha, akazipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya dhambi zao. Ikiwa hao waliombewa, sembuse jirani yetu!

Kanisa huwakumbuka marehemu wote tarehe 2 Novemba, lakini tusingoje siku hiyo. Tumwombe padri Misa. Jioni tumtaje marehemu katika sala ya nyumbani, kwa jina lake la ubatizo. Mjane wake hajamaliza kupalilia shamba. Kesho twende na majembe yetu. Na yule bibi kizee, tangu siku ya maziko, ni nani amempelekea kuni?