Jina la Askari na Kalamu ya Karani



Tumeombwa kusema maneno machache juu ya namna ya kufuata habari za maisha ya askari wa kawaida aliyekufa vitani. Majemadari tutawaacha, maana hao wana vitabu vyao. Twataka kumsema mtu aliyelima shamba la baba yake, akaitwa, akaenda, asirudi. Neno letu ni hili: mtu huyo hujulikana leo kwa kadiri alivyoandikwa na karani, pamoja na machache yaliyobaki vinywani mwa wazee.

Ili jambo hili lionekane wazi, tutwae vita viwili tuvilinganishe.

Cha kwanza ni Vita Kuu ya mwaka 1914 hata 1918. Nchi zetu zilikuwa na mbung'o, wanyama wa mizigo wakafa, na njia za magari zilikuwa chache mno. Basi magunia ya unga na masanduku ya risasi yakapanda juu ya vichwa vya watu. Kwa upande wa Waingereza peke yake watu wapatao milioni moja walitiwa katika kazi ya upagazi, katika kikosi ambacho jina lake la Kiingereza ndimi zetu zililigeuza likawa Kariakoo. Waliokufa huhesabiwa kuwa 95,000 hivi. Waliouawa kwa risasi ni wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi.

Sasa mjukuu wa mpagazi mmoja akitaka kumjua babu yake, aanzie wapi? Jina la Kariakoo lingaliko Dar es Salaam, na Kariokor iko Nairobi, lakini mtaa haumtaji mtu. Akienda kuitazama sanamu ya askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, ataona maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi, na ya Kiingereza pia. Jina la mtu hataliona hata moja. Nairobi na Mombasa ni vivyo hivyo.

Tume ya Makaburi ya Vita iliundwa mwaka 1917, na kanuni yake ilikuwa njema: kila aliyekufa apewe jina lake juu ya jiwe, awe mkubwa au mdogo, tajiri au maskini. Katika Afrika ya Mashariki kanuni hiyo ilitimizwa kwa Wazungu. Waafrika walio wengi wakakumbukwa kwa jumla, kama mtu asemavyo "mzigo wa kuni" bila kuhesabu vijiti. Wakubwa kadhaa wa zamani hizo waliandika kwamba Mwafrika hataona maana ya jiwe lenye jina. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilichunguza jambo hili, ikakiri kwamba wafu wa Afrika na Asia kati ya 45,000 na 54,000 walikumbukwa pasipo usawa, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, yamkini hata 350,000, hawakutajwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule Serikali ya Uingereza iliomba radhi katika Bunge lake.

Mabwana na mabibi, jiwe ni jambo moja, na haki ni jambo la pili. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao, kwa kuwa hawakuweza kutambulikana. Mjane aliyekwenda kuuliza fedha za mumewe aliijua sana maana ya jina.

Tuje kwenye vita vya pili, vya mwaka 1939 hata 1945. Mwanzoni mwa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Kilindini kwenda Colombo, katika Ceylon, ambayo leo huitwa Sri Lanka. Ndani yake walikuwamo wapiga mizinga wa Rejimenti ya 301 ya Afrika ya Mashariki, pamoja na wauguzi na mabaharia. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga, nayo ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Katika watu zaidi ya 1,500 waliokuwamo, karibu 1,300 walikufa. Manowari mbili za Waingereza, Petard na Paladin, ziliiwinda nyambizi ile zikaizamisha.

Mpiga mizinga aliyezama siku ile hana kaburi. Lakini ana jina, nalo limechorwa katika makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Wenziwe waliouawa Burma pasipo kaburi lijulikanalo wameandikwa Taukkyan, karibu na Rangoon. Daftari la Tume husomwa na yeyote bila malipo. Humo mna jina, namba, cheo, kikosi na tarehe ya kufa. Na mara nyingi huongezwa jina la baba na mahali alikotoka.

Basi atakaye kumfuata mtu wake na aanze hapo. Ajaribu kila namna ya kuliandika jina, maana makarani wa jeshi waliandika walivyosikia: penye "r" waliweka "l", na jina la baba walilifanya la mwana. Akipata kikosi, atafute shajara ya kikosi hicho, ambayo aghalabu imehifadhiwa Kew, London. Humo ataona walipiga kambi wapi na walipigana siku gani. Akipata jina la kijiji, aende kwa wazee, kwa kuwa shajara haisemi kama mtu yule alikuwa mcheshi au mkimya, wala alimwachia nani ng'ombe wake. Na aende upesi, kwani waliomwona kwa macho ni wachache sana.

Yaangalieni tena mambo haya mawili. Mpagazi na mpiga mizinga wote wawili walikufa mbali na kwao, na walililiwa machozi yale yale. Tofauti yao ni mistari michache ya wino. Wa pili aliulizwa jina lake, la baba yake na la kwao, na mtu fulani mezani akaona kuwa yafaa kuyaandika.

Mtu huyo mezani ni sisi. Kila siku twaandika vizazi, vifo, mirathi na malipo ya uzeeni. Mtu asimamaye mbele yetu tusimwandikie "haijulikani" na hali kinywa anacho. Tumwulize jina lake kama alitamkavyo mwenyewe, tumsomee tulichoandika, naye akubali au akatae. Kazi hiyo hututwalia dakika mbili, kadiri ile ile iliyotosha kuzamisha meli ile. Na huenda baada ya miaka mia mjukuu wake akafungua daftari letu akamkuta babu yake humo.