Umenunua Shamba: Sasa Ununue Nini Kwanza?

(Mazungumzo na vikundi vya akiba vya akina mama na akina baba waliopata ploti sehemu za Njoro, Rongai na Bahati)

Nimeombwa niongee juu ya vifaa na miradi kwa wale ambao wamemaliza kulipia mashamba yao. Naona wengi mmekuja na kalamu, hiyo ni vizuri. Bei msiniulize, kwa maana zinabadilika kutoka duka hadi duka. Nitaongea juu ya kile kinachotangulia na kile kinachoweza kungoja.

Neno moja juu ya karatasi, halafu niliache. Risiti ya kampuni si hati ya kumiliki ardhi, na barua ya chifu pia si hati. Hapa Nakuru mnajua vizuri watu waliokaa na cheti cha shea miaka na miaka, mpaka wengine wakazikwa nacho. Shamba la kilimo linahitaji kibali cha Bodi ya Ardhi, na maombi yapelekwe kabla ya miezi 6 kwisha tangu mkataba. Mama, kama pesa za ng'ombe wako zimeingia humo, jina lako pia liingie. Msijenge choo wala kuchimba shimo kabla sapevya hajawaonyesha bikoni.

Haya, twende shambani. Kabla hujanunua hata jembe, lizunguke shamba wakati mvua inanyesha. Usiogope matope. Angalia maji yanatoka wapi na yanapita wapi. Halafu uinue macho uangalie mlimani: kuna nini juu yako? Tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba la mtu binafsi kule Solai lilipasuka usiku na watu zaidi ya 40 wakafa. Tarehe 29 Aprili 2024 maji yakafagia watu karibu na Mai Mahiu, tena usiku. Ploti ya chini kabisa huwa na bei nafuu, na pengine sababu ndiyo hiyo. Nyumba ipande juu kidogo, hata kama utatembea mbali kwenda barabarani.

Sasa maji ya kunywa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Nilimjua mzee mmoja upande wa Rongai ambaye alistaafu kazi akanunua ekari 3. Aliniambia, "Mwalimu, mimi nataka kisima cha mashine. Nataka nikifungua mfereji maji yaje." Nikamuuliza, "Mzee, maji ya hapa yamepimwa?" Akasema maji ni maji. Akachimba, akanunua pampu na jenereta, na kweli maji yakaja, masafi kabisa kwa macho. Yalipopimwa yakapatikana na floridi mara kadhaa kupita kiasi. Wajukuu walikuwa wameshayanywa. Nilipomtembelea tena alikuwa anatafuta mtu wa kumuuzia ekari moja ili alipe deni la jenereta, na yule mama wake alikuwa bado anabeba mitungi kutoka kwa jirani mwenye tangi.

Ndugu zangu, bonde letu lilitokana na volkano, na maji mengi ya chini yana floridi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya watoto yanaota yakiwa na madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi inaharibu hata mifupa. Anayeumia meno zaidi ni mtoto wa chini ya miaka 8, kwa kuwa meno yake ya kudumu bado yanajiunda ndani. Kuchemsha hakusaidii; maji yanapungua sufuriani lakini floridi inabaki. Vipo vichujio vya mkaa wa mifupa, na Jimbo letu la Nakuru limefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, lakini mkaa huo unachoka na ni lazima ubadilishwe. Maji ya mvua hayana shida hiyo.

Hebu tupige hesabu. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ya mabati inakupa lita moja. Nyumba ya mita 10 kwa 6 ina mita 60 za mraba. Mwaka wa milimita 900 unakupa lita 54,000. Toa moja kwa tano kwa yanayomwagika, zinabaki kama 43,000. Watu sita wa nyumba moja, maji ya kunywa na kupika tu, wakitumia lita 60 kwa siku, kiangazi cha siku 100 watahitaji lita 6,000. Basi tangi lako ni la lita 6,000 au zaidi kidogo. Mifereji ya paa na tangi ndivyo vifaa vya kwanza. Yale maji ya kwanza ya kuosha paa yaache yamwagike.

Ng'ombe mmoja wa maziwa naye hunywa karibu lita 60 kwa siku. Yaani mgeni huyo mmoja anakunywa kama jikoni yako yote! Kwa hivyo asije mpaka maji yake yawe na mahali, na napia iwe imesimama. Kuna watu hununua ng'ombe mwezi wa Januari kwa sababu bei iko chini. Iko chini kwa sababu hakuna majani, jamani.

Mtu asifikiri kwamba shamba kubwa linaokoa asiyepanga. Delamere, yule mzungu, alipewa kama ekari laki moja Njoro mwaka 1903. Alileta kondoo wakafa kwa wingi, akapanda ngano ikaliwa na kutu. Ilibidi atafute mtaalamu wa kuzalisha ngano inayovumilia kutu. Baadaye wataalamu waliona kwamba malisho ya sehemu za Nakuru yana upungufu wa madini ya kobalti, ng'ombe anakonda na majani yapo mbele yake, hata ugonjwa wakauita Nakuruitis. Ninyi mnaweza kununua chumvi ya madini yenye kobalti dukani. Someni pakiti, si kila chumvi ni hiyo.

Vifaa vya mkono ni vichache: jembe la kawaida na la uma, panga, sururu, sepetu, wilibaro, na tupa ya kunolea, ambayo watu husahau. Mbao tatu zilizofungwa kama herufi A, na jiwe likining'inia kwa uzi, zinatosha kupima mistari ya fanya juu. Chimbeni mitaro hiyo kabla ya mvua ya Machi.

Trekta ikodishwe. Pampu ya dawa na mashine ya kukata majani ya ng'ombe vinunuliwe na watu watano au sita, lakini muandike nani anaweka, nani anatengeneza ikiharibika, na aliyehama anarudishiwa nini. Bila karatasi hiyo mtagombana, na mtagombana mkitoka kanisani.

Turubai ni kitu cha kila mtu. Mahindi yakianikwa kwenye udongo yanashika sumukuvu, ambayo mwaka 2004 iliua watu 125 upande wa mashariki mwa nchi. Kupima ukavu, tia mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa, ngoja kidogo. Chumvi ikishika kwenye chupa, rudisha juani.

Kikao kijacho kila nyumba ilete vipimo vya paa lake, urefu na upana, na chupa moja safi ya maji wanayokunywa sasa, ikiwa na jina la mwenyewe na mahali yalipotekwa. Tutatafuta pa kuyapima.