Ndovu na Binadamu: Nani Amzidi Mwenziwe?

Yako mabishano ya zamani: je, mnyama ana moyo kama binadamu, au ana tumbo tu? Mtu wa mjini aweza kubisha kisha akalala salama. Mkulima aliyepakana na ndovu hana budi kujua, maana chakula cha watoto wake kimo hatarini.

Kwa mwili, ndovu ana mengi ya kujivunia. Mkonga wake hauna mfupa hata mmoja, nao huangusha mti na kuokota tunda dogo. Katika kunusa, uchunguzi wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa ndovu wa Afrika ana jeni za kunusia zipatazo 2,000, na binadamu 400 tu. Lakini ndovu hawezi kuruka juu, wala hana jasho la kumpoza mwili kama la mtu.

Habari ya akili yake ndiyo ya kustaajabisha zaidi. Huko Amboseli, ambako ndovu wamechunguzwa tangu mwaka 1972, wataalamu walinasa sauti za watu wakisema maneno yale yale, kwamba kundi la ndovu linakuja. Ndovu walipoisikia sauti ya mwanamume wa Kimaasai, walisongamana na kuinua mikonga wanuse. Sauti ya mwanamume wa Kikamba haikuwatisha kiasi hicho, wala ya mwanamke au mtoto wa Kimaasai. Walikwisha kujua kwamba mwenye mkuki ni nani! Wako watu waishio Kenya miaka mingi wasioweza kuzitenga lugha hizo mbili kwa kuzisikia tu.

Na huzuni je? Ndovu akikuta fuvu la ndovu husimama, akaligusa polepole kwa mkonga na mguu, kuliko afanyavyo kwa fuvu la nyati au kifaru. Hata hivyo, katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2006, ndovu hawakulichagua fuvu la jamaa yao kuliko la mgeni. Hapo asisingiziwe matanga ya kibinadamu.

Hofu yake, lakini, ni ya hakika, nayo imemfaa mkulima. Ndovu huwaogopa nyuki. Kwa hiyo huko Sagalla, karibu na Voi, baadhi ya mashamba yamezungushiwa mizinga iliyoungwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka kwa hasira. Naye mwenye shamba hupata asali ya kuuza.