Mboga za vuli zifike Februari



Mvua za vuli zinapoanza Oktoba, kila mwenye kipande cha ardhi, hata kama ni magunia mawili kando ya mlango, hupanda sukuma wiki na kunde. Kufikia Desemba mboga zimejaa. Pale Marikiti bei imeshuka, jirani naye anazo, na zinazobaki hupewa kuku. Halafu Januari na Februari jua linawaka, maji ya bomba yanakuja kwa zamu, na familia ile ile inarudi kwa mama mboga na pesa mkononi. Kupanda mjini watu wanajua, tena tangu mwaka wa 2015 kuna sheria ya kaunti inayokubali kilimo ndani ya jiji. Kinachowashinda wengi ni kuifikia Februari.

Kwanza magugu. Mkaidi kuliko yote ni ndago. Anayeifyeka anapendezesha shamba kwa wiki moja tu, kwa sababu chini ya udongo kuna vinundu na kila kinachobaki huchipuka. Huchimbwa kwa jembe la uma, vinundu vikaokotwa na kuanikwa mpaka vikauke kabisa. Kuvitupa kwenye mboji ni kuvipanda upya. Kishona nguo, kile ambacho wazee wa Dagoretti hukiita mucege, king'olewe kabla ya kutoa maua. Kikikomaa, suruali ya mtoto husambaza mbegu hadi kwa jirani. Palizi ni bora asubuhi ya siku yenye jua, ili kilichong'olewa kinyauke siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, si kila kinachojiotea ni gugu. Wapo wanaong'oa managu na terere wakatupa, kisha jioni wakanunua fungu la mboga hizo hizo. Zinazoota kando ya mtaro wa maji taka au barabara kubwa ndizo za kuachwa, maana madini ya risasi hayatoki kwa kuchemsha.

Kuhusu kuhifadhi, majani ya kunde ndiyo rahisi zaidi. Huchumwa asubuhi, yakaoshwa, yakatumbukizwa kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kidogo kwa dakika 2 hadi 3, kisha kwenye maji baridi. Yakishachujwa maji hutandazwa juu ya wavu ulioinuliwa kutoka chini, kivulini penye upepo, kwani jua la moja kwa moja huharibu vitamini A. Yakivunjika kwa vidole, yamekauka. Hutiwa kwenye mkebe unaofunga vizuri na kuwekwa pahali pakavu pasipo mwanga. Siku ya kupika hulowekwa kwanza, halafu maziwa au karanga zikafuata.

Kazi hii ni ya Desemba na Januari. Mwezi wa Julai, Nairobi ikifunikwa na mawingu, mboga huota ukungu kabla ya kukauka.

Mawingu hayo hayo ndiyo hatari kwa mahindi ya masika. Mwaka wa 2004, sumu ya aflatoksini katika mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu iliwapata watu 317, wengi wao Ukambani, na 125 wakafa. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si kwenye udongo mtupu. Kabla ya kuyaweka guniani, punje chache zitiwe kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu na kutikiswa kwa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi na yarudi juani. Yaliyoota ukungu hayafai hata kwa mifugo, kwa kuwa ng'ombe akiyala, sumu huingia kwenye maziwa.

Mwenye swali amwone afisa wa kilimo wa kaunti ndogo yake. Kunde zikipandwa mvua za kwanza, majani huanza kuchumwa baada ya wiki nne hadi sita.