Kutunza Dele la Kahawa

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika neno hili ubaoni: DE-LE. Wanafunzi, lisomeni pamoja mara mbili, kisha tuendelee.

Dele sote tunalijua. Ni lile buli refu la shaba ambalo muuza kahawa hulichukua pamoja na jiko lake la mkaa, huku akigonga finjani mkononi ili watu wa barazani wajue kuwa amefika. Kahawa yenyewe hutoka mbali: Kagera, Kilimanjaro, Mbeya, au Mbinga. Mkulima huungoja mkahawa wake miaka mitatu au zaidi kabla haujazaa vizuri. Lakini buni iwe nzuri namna gani, ikipikwa katika dele chafu, mnywaji atakunja uso.

Tuseme yupo muuzaji hapa kwetu Kibaha ambaye wateja wake wamepungua. Anadhani buni ndiyo mbaya. Ananunua nyingine ya bei kubwa, na bado kahawa ina uchachu. Fedha zimekwenda na wateja hawakurudi. Angalifunua mfuniko, akapitisha kidole ndani ya dele, kisha akakinusa, angalijua ubaya uko wapi.

Uchafu wa dele ni wa namna mbili, na dawa zake ni mbalimbali. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea.

Kuna uchafu wa mafuta. Kahawa ina mafuta ndani yake, ingawa si mengi kama ya nazi. Ukiipika, mafuta hayo hutoka na kushika ukutani mwa dele, yakawa utando mweusi. Siku ya kwanza hayana neno. Yakikaa siku nyingi huvunda, kama mafuta ya nazi yaliyosahauliwa chupani, na kila kahawa mpya inayopikwa humo huchukua uvundo ule. Maji matupu hayaondoi mafuta. Yatakiwa maji ya moto na sabuni, au majivu ya kuni yaliyochekechwa vizuri, au magadi kidogo. Majivu na magadi huyalegeza mafuta hata yakakubali kwenda na maji. Bibi zetu hawakusoma kemia, lakini jambo hili walilijua. Sugua kwa dodoki, suuza mara tatu, kisha nusa. Pua yako ndiyo itakayokuambia kama kazi imekwisha.

Na kuna uchafu wa chokaa. Maji ya bomba katika sehemu zetu hutoka mto Ruvu; mtambo wa Ruvu Juu, kule Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959. Wengine hutumia maji ya visima. Maji mengi ya ardhini yamebeba chokaa ambayo macho hayaioni. Maji yakichemka, chokaa hiyo hujitenga na kuganda chini, ikawa ukoko mweupe au wa kijivu. Ukoko huo huzuia joto lisiyafikie maji upesi, na mkaa unateketea bure. Dawa yake ni uchungu wa ndimu, ukwaju au siki. Tia maji ya vuguvugu na ndimu mbili au tatu zilizochujwa, ngoja muda wa nusu saa, kisha sugua na kusuuza. Usiache vikalala humo usiku kucha, maana kitu kinachokula chokaa kitakula na chombo.

Wala usitie ndimu na magadi kwa pamoja. Vitatoa povu jingi la kufurahisha macho, lakini kimoja kinaua nguvu ya mwenziwe.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa kuwa jambo hili lahusu afya. Tazameni ndani ya dele la shaba. Lililotengenezwa vizuri halionyeshi rangi ya shaba ndani. Limepakwa bati, nalo lina rangi kama ya fedha. Bati hilo si pambo. Shaba tupu ikikaa na kahawa, ambayo ina uchungu wake, huyeyuka kidogo kidogo na kuingia katika kinywaji. Pengine utaona kutu ya kijani mdomoni mwa dele. Mtu akiinywa shaba nyingi hushikwa na kichefuchefu, akatapika na kuumwa tumbo. Kwa hiyo kahawa iliyobaki usiilaze deleni. Imwage, osha dele, liache wazi likauke.

Bati huharibika kwa njia mbili kubwa. Moja ni kusugua kwa mchanga au stili waya. Ya pili ni kuweka dele tupu juu ya makaa. Bati huyeyuka kwenye joto la digrii 232. Maji huchemka kwenye digrii 100, na maadamu maji yamo ndani, bati liko salama. Maji yakiisha, makaa ya moto yana joto la kutosha kuliyeyusha. Basi tia maji kwanza, ndipo uweke dele jikoni.

Ukiona wekundu au manjano ya shaba ndani, mpelekee fundi alipake bati upya. Hapo pana hatari nyingine, na kwangu mimi ndiyo kubwa kuliko zote. Fundi wengine huziba matundu kwa lehemu yenye risasi, kwa sababu huyeyuka upesi. Risasi ni sumu. Haina harufu wala ladha ya kumwonya mnywaji. Hujikusanya mwilini polepole, na huharibu ubongo wa watoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Muulize fundi kabla hajawasha moto: unatumia bati safi, au lehemu ya risasi? Akisitasita, chukua dele lako uondoke. Kipande cha risasi kikikwaruzwa juu ya karatasi nyeupe huacha alama ya kijivu kama penseli, lakini lehemu ya mchanganyiko ni vigumu kuitambua kwa macho.

Dele la alumini ni jepesi na halipakwi bati. Hilo usilisafishe kwa majivu wala magadi, kwani huila alumini. Sabuni yatosha.

Mdomo wa dele husahauliwa mara nyingi. Mashapo hukwama humo. Chukua chelewa moja ya ufagio, ifunge kitambaa laini nchani, upitishe.

Huenda baadhi yenu mnafanya kazi katika hoteli, au katika nyumba yenye mashine ya kahawa ya umeme, ile inayosukuma maji ya moto kwa nguvu kupita katika unga wa kahawa. Mtaliano Luigi Bezzera, wa Milan, aliandikisha mashine ya namna hiyo mwaka 1901. Msiiogope. Maadui wake ni wale wale, mafuta na chokaa. Chomoa umeme, iache ipoe. Toa chujio, lioshe kila siku kwa maji ya moto. Mrija wa mvuke ufute mara tu baada ya kuchemsha maziwa, ufungulie mvuke kidogo utoke, la sivyo maziwa hukauka ndani. Pete ya mpira inayozuia maji yasivuje hukakamaa kwa joto. Ikianza kuvuja, nunua nyingine. Kwa chokaa, tumieni dawa iliyotajwa katika kitabu cha mashine hiyo, kwa maana ndimu yenye nyama na kokwa itaziba matundu yake.

Kazi ya darasa: kila mmoja atazame ndani ya dele, buli au birika la nyumbani kwake, kisha aandike sentensi tatu: lina rangi gani ndani, lina harufu gani, na lilisafishwa lini kwa mara ya mwisho. Mwalimu atazisoma mbele ya darasa.

Katika somo lijalo tutazungumza juu ya finjani, na ile ndoo moja ya maji inayoosha finjani za watu wote tangu magharibi mpaka usiku. Kwaherini.