Kipande Kimoja Kisitiwe Formalini

 

Ndugu wahitimu, hongereni sana. Habari za ndoto zenu nawaachia wasemaji wengine. Mimi ni mpasuaji wa mishipa ya damu, nitasema ninayoyajua.

Kifua kikuu mmekisoma kwa kikohozi na makohozi. Lakini kimelea chake huweza kutoka kwenye tezi au pingili za mgongo zilizooza, kikaingia aota, mshipa mkuu wa damu, inayopita jirani, kikaula ukuta wake mpaka ukafura. Mgonjwa analalamika mgongo, ana homa za jioni, amekonda. Anapewa dawa za maumivu, anarudishwa nyumbani. Uvimbe huo ukipasuka, wengi hawafiki mezani kwetu.

Dawa peke yake haizibi mshipa uliotoboka. Kisu peke yake kinaacha vimelea, navyo huhamia kwenye mshipa bandia tulioushona. Kwa hiyo tunakata sehemu iliyooza, tunaunganisha mshipa mwingine, kisha rifampisini, aisonayazidi na wenzake wanaendelea, mara nyingi kupita ile miezi 6 mliyoizoea. Na mgonjwa akiwa anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, pimeni damu yake mara kwa mara, kwani rifampisini huipunguza nguvu warfarini hiyo.

Linaloniudhi ni jingine. Usaha unatolewa kando ya mshipa bandia, unapelekwa maabara, baada ya siku chache jibu linarudi: hakuna kilichoota. Kingeotaje? Kimelea hiki hugawanyika mara moja kwa takriban saa 20. Kukiotesha ni kazi ya wiki kadhaa, tena kwa kipimo chake maalumu. Nyama ya mshipa nayo tunaitumbukiza yote kwenye formalini, inayoua kila kilicho hai, halafu tunaomba kioteshwe!

Basi nawaomba, madaktari wapya: mkitoa nyama ya mshipa wenye usaha, kateni vipande viwili. Kimoja kitieni formalini, kingine kiwekeni kwenye chupa safi isiyo na formalini, na kwenye fomu mwandike wenyewe, kwa herufi kubwa: KIFUA KIKUU?